Mathe Alidhani Ameuziwa Raba Feki

Wasee, leo sina stori ya celeb. Leo nina kiatu. Kiatu kimoja cheusi cha shule, cha mguu wa kulia, soli imelegea upande mmoja ikaganda hivyo, kama mshumaa ulioachwa juani. Mathe amekiweka kwa gunia chini ya kitanda tangu 2019. Si kumbukumbu. Ni ushahidi.

Nyumbani ni Subukia. Kama hujawahi kufika, ni lile bonde unalopita ukitoka Nakuru kwenda Nyahururu, kabla matatu haijaanza kulia ikipanda ule mlima. Wakatoliki wanaijua kwa Shrine ya Bikira Maria. Walimu wa jiografia wanaijua kwa tetemeko la 6 Januari 1928. Sisi tuliolelewa huko tunaijua kwa matope, yale ya kukushika mguu hadi unavuta unabaki na soksi.

Nilikuwa form three, shule ya kutwa, dakika arobaini kwa mguu. Viatu vyangu vya form one vilikuwa vimekwisha kabisa, ikabidi mathe akope kwa chama. Alienda sokoni kwa mama mmoja aliyeuza viatu, rafiki yake wa siku nyingi, wanaimba kwaya pamoja. Huyo mama alimwambia, "Hii soli ni raba tupu, mtoto atavaa mpaka amalize shule." Shilingi elfu moja mia nane. Kwa wale mnaodhani hiyo ni pesa ya lanchi, hongera zenu.

Wiki ya tatu ikanyesha vibaya. Nikafika nyumbani usiku, viatu vimelowa, kesho yake kuna shule. Nikafanya kile kila mtoto wa huko amefanya: nikaviweka karibu na mafiga, makaa bado mekundu, nikaenda kulala. Guka naye alikuwa ameacha akala zake hapohapo, tena karibu na moto kuliko viatu vyangu.

Asubuhi akala zilikuwa zimekauka, zina joto na vumbi la jivu, basi. Viatu vyangu vilikuwa vimeshikana na jiwe. Nilipovuta, kipande cha soli kilibaki pale kwa jiwe, kinang'aa. Sitasahau uso wa mathe. Hakunipiga. Hakusema kitu. Alichukua leso, akajifunga, akatoka na kiatu kimoja mkononi kuelekea sokoni.

Vile nilivyosikia baadaye, waligombana mbele ya watu. "Umeniuzia plastiki ukasema ni raba." "Mimi nimeuza raba, wewe umechoma viatu." Mambo ya kwaya yaliingizwa, mambo ya deni la zamani yakaingizwa. Hawajaongea tangu siku hiyo. Wanakaa benchi tofauti kanisani. Mimi nilienda shule na akala za guka mwezi mzima, na mkitaka kujua nini niliitwa, fikiria jina lolote la ushamba, hilo pia niliitwa.

Sasa. Swali ambalo limekuwa likinikera miaka yote hii ni moja tu: nani alikuwa mkweli? Kwa sababu moto ulikuwa ule ule. Jiwe lile lile. Akala ni raba, kila mtu anajua, inakatwa kutoka kwa tairi. Kama soli yangu ilikuwa raba pia, mbona ikayeyuka?

Jibu nililipata Nakuru, kwa fundi wa viatu anayekaa karibu na stage ninayoshukia. Nilikuwa nangoja anishonee kiatu, nikaona ana magunia mawili ya vipande vya soli. Nikamuuliza mbona mawili. Akasema gunia moja kuna msee huja kununua kwa kilo, anaenda kusaga na kuyeyusha upya. Hilo lingine halina mnunuzi. "Zote ni raba," akasema, "lakini hii inakubali moto, hii inakataa." Akachukua msumari, akaushika na koleo juu ya jiko, akagusa kipande cha kwanza. Msumari ukazama ndani kama kisu kwa siagi. Akagusa cha pili. Kikatoa moshi na harufu ya kuungua, lakini msumari haukuzama. Kikabaki na alama nyeusi tu.

Nilisahau hadi kiatu changu. Hiyo wiki niliingia maktaba na simu ikiwa na bando, nikasoma vitu ambavyo mwalimu wangu wa kemia angelia machozi ya furaha akiniona.

Mnakumbuka kemia ya form four, pale kwa polima? Tulikariri: polima ni molekuli ndefu, mnyororo wa vipande vidogo vilivyounganishwa, na ukiweka salfa kwa raba inakuwa ngumu na bora. Tukaandika, tukapata maksi mbili, tukasahau. Hakuna aliyeniambia kwamba hiyo sentensi ya salfa ndiyo ilikuwa imevaliwa na guka miguuni.

Raba ambayo haijapikwa ni minyororo mirefu iliyojikunja ovyo, kama uzi wa sufi aliocheza nao paka. Ukivuta, inanyooka. Ukiendelea kuvuta, minyororo inateleza moja kando ya nyingine na kitu chote kinatanuka bila kurudi. Siku ya joto inanata. Siku ya baridi inakuwa ngumu. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba raba ikichanganywa na salfa kisha ipashwe moto, haya yote yanaisha. Salfa hujenga madaraja kati ya mnyororo na mnyororo. Sasa ukivuta, minyororo inanyooka lakini haiwezi kutoroka, kwa hivyo ukiachilia inarudi mahali pake. Na haya madaraja ni vifungo vya kweli vya kemikali, moto wa kawaida hauvifungui. Tairi moja ni karibu kusema ni molekuli moja kubwa, imefungamana yote. Haiyeyuki kwa sababu hakuna kitu cha kuachana na kingine. Ukizidisha moto inaungua tu. (Ndiyo maana tairi zikichomwa barabarani siku za maandamano hazitiririki kama mfuko wa nailoni. Zinatoa ule moshi mweusi mpaka mwisho.)

Hapo ndipo gunia lisilo na mnunuzi linapoeleweka. Ukishapika raba na salfa umefunga ndoa ya Kikatoliki. Unaweza kuikata, kuishona, kuifanya akala, lakini kuiyeyusha uifanye kitu kingine, sahau. Akala ni wazo la akili sana ukifikiria: watu waliona kitu kisichoyeyushika wakasema sawa, tutakikata kwa kisu.

Na soli yangu je?

Hapa ndipo niliposhtuka. Tairi za magari madogo kwa kawaida zina raba ya kutengenezwa iitwayo SBR kwa wingi. Ni ya viungo viwili, stirini na butadini. Ilikuja kuwa muhimu sana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Japani ilipokamata mashamba ya mpira ya Asia mwaka 1942 na Marekani ikabaki bila raba ya matairi. Soli kama yangu mara nyingi hutengenezwa kwa kitu kiitwacho SBS. Viungo vyake? Stirini na butadini.

Rudia kusoma hapo. Viungo ni vile vile! Hata kipimo hakitofautiani sana: stirini ni kama robo kwa SBR ya kawaida ya tairi, na karibu asilimia 30 kwa SBS nyingi za kulainika. Kinachotofautisha akala ya guka na kiatu changu si kilichomo ndani. Ni mpangilio.

Chukua shanga. Nyekundu ni stirini, nyeupe ni butadini. Kwa SBR umezitunga bila mpango, nyeupe nyeupe nyekundu nyeupe nyekundu, vile zinakuja mkononi. Ni githeri. Kwa SBS umetunga nyekundu tupu mwanzoni, mia kadhaa, halafu nyeupe tupu katikati, nyingi zaidi, halafu nyekundu tupu mwishoni. Mnyororo mmoja, vipande vitatu. Wanakemia huita kitu kama hicho kopolima ya bloku, yaani polima ya vipande, kila kipande kina tabia yake.

Tabia zenyewe hazipatani. Polistirini peke yake ni ngumu na dhaifu kwa kuvunjika. Ile bilauri ya plastiki nyepesi ya kwenye sherehe, ukiifinya inapasuka kwa mlio, mara nyingi ni hiyo. Inaanza kulainika karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Polibutadini nayo ni laini hadi baridi ya nyuzi 90 hivi chini ya sifuri. Hizi mbili hazitaki kuchanganyika, kama mafuta na maji. Lakini zimefungwa kwa mnyororo mmoja. Talaka haiwezekani, ya Kikatoliki tena.

Kwa hivyo zinafanya nini? Ncha za stirini za mnyororo huu zinatafuta ncha za minyororo mingine na kujikusanya kwa vibonge vidogo sana, makumi ya nanomita tu, mamilioni ya vibonge vilivyotapakaa ndani ya bahari ya butadini laini. Kila kibonge ni fundo gumu. Mnyororo mmoja unaanza kwa kibonge hiki, unapita katikati ukiwa laini, unaishia kwa kibonge kile. Ukivuta soli, katikati inanyooka, vibonge vinashikilia, ukiachilia inarudi. Hiyo ni raba kabisa. Inavutika kama raba, inaruka kama raba, inashika barabara ya mvua kama raba. Hakuna salfa hata chembe.

Yule mama wa viatu hakudanganya.

Lakini fundo la kibonge si daraja la salfa. Halijafungwa na kemia, limefungwa na ugumu tu. Likipata joto la kutosha, kibonge kinalainika, ncha zinachomoka, na minyororo inaanza kuteleza. Na soli za viatu huwa hazina SBS peke yake, huchanganywa na mafuta na vitu vingine ili ziwe laini na bei ishuke, kwa hivyo hazingoji nyuzi 100 kamili. Usiku mzima kando ya makaa, uzito wa kiatu juu yake, jiwe la moto chini, inatosha kabisa. Asubuhi moto ukazima, vibonge vikajikusanya tena vikaganda, na soli ikabaki na umbo la kosa langu.

Nataka nikae kidogo hapa kwa mpangilio, kwa sababu kuna kitu kilinifanya niache simu nikatembea nje. Tuseme unakata mnyororo ule: unaacha stirini upande mmoja tu, butadini upande wa pili, ncha ya pili iko wazi. Viungo ni vile vile, na unaweza kuweka kipimo kile kile cha stirini. Bado vibonge vinatokea. Lakini vuta sasa: haina nguvu, inatanuka na kubaki hivyo, karibu na chingamu. Fikiria kamba ya kuanika nguo. Ukiifunga kwa nguzo mbili inabeba blanketi la maji. Ukiifunga nguzo moja, hata uwe na kamba nzuri kuliko zote Subukia, blanketi liko chini matopeni. Ncha zote mbili lazima zishikwe. Si swali la nguvu ya kamba.

Ama ongeza stirini. Ikiwa kidogo, vibonge ni mviringo na kitu ni laini. Ongeza, vibonge vinaungana kuwa vijiti virefu, na kitu kinakuwa kigumu zaidi. Fika karibu nusu kwa nusu, vinakuwa matabaka, gumu, laini, gumu, laini, kama chapati za maji zilizopangwa. Ukizidi hapo, hiyo si soli tena, ni plastiki ngumu yenye ulaini kidogo ndani. Mtu ameketi kiwandani na kuamua ni shanga ngapi nyekundu, na kwa hilo tu ameamua kama wewe utavaa hicho kitu au utanywea soda.

Kutunga shanga za aina hii kwa mpangilio hakukuwezekana hadi watu walipojua kuukuza mnyororo bila kuuua. Michael Szwarc alionyesha njia mwaka 1956: mnyororo unakuwa "hai", ukimaliza kiungo cha kwanza unaongeza cha pili na unaendelea kukua kuanzia pale ulipoachia. Kampuni ya Shell ilileta SBS sokoni mwaka 1965. Viwanda vya viatu viliipenda kwa sababu rahisi: huhitaji kupika na salfa na kungoja. Unayeyusha, unasukuma ndani ya kalibu, inapoa, soli tayari, na mabaki unayarudisha kwa mashine. Gunia lenye mnunuzi. Siku hizi SBS hiyohiyo huchanganywa hata na lami ili barabara isifanye mifereji chini ya malori mazito, na kila nikipanda ule mlima wa kwenda Nyahururu nyuma ya lori la mbao huwa natamani wangeimwaga pale yote.

Kwa hivyo maoni yangu, kwa sababu najua mko hapa kwa maoni: shida yetu ni neno raba. Tunalo moja na tunalipakia kila kitu. Akala ni raba, kifutio ni raba, viatu vya michezo tunaviita raba hata kama hakuna raba ndani. Zile za mtumba unanunua zikiwa safi kabisa, unavaa mara mbili, soli inameguka kama keki kavu? Hiyo mara nyingi ni poliurethani, nayo ni polima ya vipande vigumu na laini, na adui yake si moto, ni unyevu na miaka ya kukaa. Muuzaji hajakuroga. Lakini pia hajui anachouza, na aliyemuuzia yeye hakumwambia, na boksi halisemi. Mtu anayelipa elfu moja mia nane za kukopa anastahili kuambiwa maneno manne: usiweke karibu na moto. Hiyo tu. Wangeandika ndani ya kiatu, pale wanapoandika saizi. Wameweza kuandika jina la kampuni kwa soli nzima, hawawezi kukosa nafasi.

Wengine mtasema kila mtu anajua hakuna kuweka viatu kwa moto. Sawa, wewe uliyekulia kwa nyumba ya stima. Guka alikausha akala kwa moto miaka yote na hazikumfanya kitu. Tuliyojua kuhusu raba tulijifunza kutoka kwa tairi, na hayo tuliyojua yalikuwa kweli. Kwa tairi.

Mwezi wa nane nilienda nyumbani. Nikamwambia mathe, "Mami, leta kile kiatu." Akaniangalia kama nimemuuliza pini yake ya M-Pesa. Nikapasha msumari kwa makaa, nikashika na koleo, nikaugusa kwa soli. Ukazama. Akasema, "Si nilikuambia ni plastiki." Nikamwambia ngoja. Akala za guka hakuniruhusu kuzigusa. Guka alituacha 2021 na akala zake zinakaa kwa ukuta mahali alipozoea kuziweka. Kwa hivyo nikaenda kwa bawaba ya lango la kondoo, ambayo ni kipande cha tairi kilichopigwa misumari, nikapasha tena, nikagusa. Moshi. Alama nyeusi. Basi.

Nikamweleza yote, na shanga pia, nilitumia maharagwe na mahindi kwa meza. Alisikiza bila kukatiza, na si kawaida yake. Nilipofika pale kwa vibonge alichukua kiatu, akakunja soli upande ule ambao haukuungua, akaachilia. Ikaruka ikarudi. Akakunja tena. Ikarudi.

"Kwa hivyo ilikuwa raba."

"Ilikuwa raba, Mami."

"Na yeye alijua itayeyuka?"

"Angejua wapi? Hata mwalimu wa kemia hakuniambia."

Akanyamaza. Akauliza kama nimekula. Akanyamaza tena. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na sufuria, kwamba huyo mama alihama soko, sai anauza mboga karibu na stage, na mguu wake mmoja unamsumbua.

Jumapili mathe aliondoka kwenda kanisani mapema. Kiatu hakikuwa kwa gunia, nilichungulia. Alirudi saa tisa, na misa huisha saa sita. Sikumuuliza kitu. Alikuwa na kabichi mbili kubwa kwa kiondo, na pochi yake ilikuwa mezani tangu asubuhi.